Mkimbizi Anavaa Nini?

Kuna swali moja halimo katika fomu yoyote, lakini linajibiwa kabla fomu haijafunguliwa: huyu mtu anafanana na mkimbizi ao hapana?

Nimelisikia likisemwa kwa sauti, hapa Kasese, katika ofisi ambayo sitaitaja. Mama mmoja aliingia amevaa kikwembe kizima, juu na chini, na kitambaa cha kichwa cha rangi ile ile. Kijana mwenye orodha akamwangalia toka kichwa mpaka miguu, akasema: "Mama, wewe uko mkimbizi wa namna gani? Umevaa kunishinda mimi." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa heshima tu. Nje, wenzake wakamshauri siku ingine aje na nguo ya shamba.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Ila hakujua kitu ambacho kila mtu aliyetoka Beni ao Lubero anakijua. Ukisikia risasi, na moyo unakuambia hautarudi, haufungi valizi. Unavaa. Unavaa nguo mbili, tatu, moja juu ya ingine, na ile nzuri zaidi hauiachi nyuma, juu ndiyo mali yako. Kikwembe kizuri kwetu ni akiba: unapewa siku ya ndoa, unakitunza, na siku ya njaa unaweza kukiuza. Kwa hiyo ile nguo iliyomfanya asiaminiwe, pengine ndiyo kitu cha pekee kilichobaki cha nyumba yake.

Na kwa wale ambao hawakuja na kitu, kuna mitumba, ile wanayoita hapa Uganda mivumba. Mwezi wa nane 2023 Rais Museveni alisema anataka kuikataza, kwamba ni nguo za wazungu waliokufa. Za wafu ama za wazima, sokoni Bwera unapata koti lenye jina kubwa la Ulaya kwa bei ya soda chache. Mtu akikupima utajiri kwa koti hilo, anapima utajiri wa mzungu asiyejulikana.

Ni rahisi kumaliza hapa na kusema nguo si kitu, tuangalie moyo. Mimi sikubali. Sisi tunaotoka ng'ambo ya mto Lhubiriha tunajua nguo inaweza kuua. Kule Beni, watu wamekufa kwa sababu waliona sare ya jeshi wakafikiri ni wanajeshi wa serikali, kumbe ni wauaji. Ndiyo maana, wengine wakilalamika kwamba Uganda raia haruhusiwi kuvaa nguo yenye madoa ya kijeshi, na kwamba 2019 walikataza hata bere nyekundu, mimi naielewa nusu ya sheria hiyo. Nusu ingine ni siasa, tuiache.

Ebola pia ilitufundisha. Mwezi wa sita 2019 ugonjwa ulivuka mpaka, ukathibitishwa kwa mtoto wa miaka mitano aliyetibiwa hospitali ya Bwera. Watu waliogopa zile nguo za kujikinga, zinazofunika mtu mpaka macho, karibu kuliko ugonjwa wenyewe. Muuguzi hakuwa na uso, hakuwa mama wala kaka wa mtu. Kule Beni, tangu 2018, walitumia vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ili familia imwone mgonjwa wao, na muuguzi asilazimike kujifunika vile kila mara. Huyo aliyefikiria hivyo alielewa kwamba jicho la kwanza halizuiliki. Hakutukana watu kwamba ni wajinga. Alibadilisha kile wanachokiona.

Basi macho yatahukumu tu. Swali langu ni nani anadaiwa nini baada ya hapo, na naona deni si sawa kwa wote. Mimi nikikuangalia sokoni nikafikiri wewe ni tajiri, utalipa nyanya bei ya juu kidogo. Lakini mwenye orodha akifikiri hivyo, mtoto wako analala njaa. Kadiri kalamu ilivyo na nguvu, ndivyo jicho linapaswa kuulizwa mara mbili.

Na sheria yenyewe iko upande wetu. Wakongomani wengi tunaokimbia vita Uganda tunapokelewa kwa utaratibu unaoitwa prima facie. Ni Kilatini, maana yake "kwa mwonekano wa kwanza". Serikali inaangalia hali ya kule tulikotoka, inatuamini kama kundi, bila kumkamua kila mmoja machozi yake. Ajabu, si ndiyo? Mwonekano wa kwanza wa sheria unatazama vita. Mwonekano wa kwanza wa dirishani unatazama viatu.

Wafanyakazi wa misaada watasema: vitu ni vichache, na wadanganyifu wako. Kweli wako. Lakini mdanganyifu ndiye wa kwanza kujua kwamba matambara yanalipa. Jicho linalotaka matambara linamkamata mama mkweli, mwongo anapita. Tena linatengeneza waongo wapya. Nimeona watoto wanavuliwa viatu asubuhi ya siku ya kutembelewa, sufuria nzuri inapelekwa kwa jirani, na mama anafunga kikwembe chake ndani ya mfuko chini ya kitanda. Siwalaumu hata kidogo. Lakini mtoto anayevuliwa viatu ili apewe viatu anauliza kwa nini, na mzazi hana jibu la kumpa ambalo angependa alirudilie shuleni.

Nanyi mnaovaa jile, kile kizibao chenye nembo mgongoni, mnakijua hiki kitu kwa ngozi yenu. Siku ya kazi mnaitwa boss, mnapewa kiti. Jumapili mkipita sokoni bila jile, mnasukumwa kama sisi. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na jile ni ya kuazima, mkataba ukiisha inarudishwa. Yule kijana wa orodha, mkataba wake uliisha mwaka huo huo. Nilimkuta Bwera anatafuta kazi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri sana.