Usimwamshe Aliyelala

Mjukuu wangu, keti nikwambie. Nimelisoma daftari lako lote, hadithi ya ulimwengu ulioubuni mwenyewe, na nimeipenda. Lakini yule uliyemwita Asiyejulikana umempa kimo, umri, jina la mamake na sababu ya hasira zake. Nakuomba, usifanye hivyo.

Njia hiyo naijua inakoishia.

Mwaka 1905, Lord Dunsany wa Ireland, hata miaka 30 hajatimiza, alitoa kitabu chake cha kwanza, The Gods of Pegāna. Hakuazima miungu ya Wagiriki wala ya Waairishi, yote aliibuni. Juu yao akamweka mmoja, MANA-YOOD-SUSHAI, aliyeiumba miungu hiyo kisha akalala. Mbele ya miguu yake ameketi Skarl, anapiga ngoma. Hapumziki, maana siku ngoma ikinyamaza kidogo tu, MANA atagutuka, na hapatakuwa tena na dunia wala miungu. Wako wasemao jua na dunia ni mwangwi wa ngoma hiyo. Wako wasemao ni ndoto za aliyelala. Nani mkweli? Dunsany hasemi.

Kabla ya mwanzo, anasimulia, Majaaliwa na Bahati walipiga kura mchezo uwe wa nani. Mshindi akapita ukunguni mpaka kwa MANA, akamtaka amuumbie miungu. Alikuwa yupi kati yao? Hajulikani mpaka leo. Wewe ungemwandikia sura nzima, nakujua.

Watu wa kitabu hicho wanakatazwa kumwomba MANA. Wawaombe miungu aliowaumba. Na hata hao si wa kuchezewa: nabii Yun-Ilara alijenga mnara, akawa anamlaani Mung, bwana wa mauti. Mung akamwacha. Akamwacha mpaka uzee ukamkausha, akawa analilia kifo. Mwanangu, ikiwa wa chini ndiye huyo, aliye juu yao wote wamwamshia nini?

Kiza ukikipima kwa hatua, kimekuwa chumba.

H. P. Lovecraft wa Marekani alimsikia Dunsany akizungumza Boston mwaka 1919, na moyo wake ukanaswa. Naye baadaye akamweka Azathoth katikati ya vyote, hana akili, amezungukwa na ngoma na filimbi. Mwingine, Cthulhu, akamlaza chini ya bahari ya Pasifiki. Walitisha kwelikweli, kwa kuwa hukujua wanataka nini, wala kama wanajua kwamba upo.

Lovecraft akafa mwaka 1937. Rafiki yake August Derleth, aliyehangaika mno ili kazi za marehemu zisipotee, ndiye pia aliyeanza kuwapanga miungu hao: huyu wa maji, huyu wa upepo, yule wa moto, yule wa ardhi, hawa waovu, wale wema. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayaheshimu. Lakini uovu nao ni kitu tunachokielewa, mjukuu wangu, na unachokielewa utakipangia vita na utakishinda. Leo Cthulhu anauzwa dukani, mwanasesere wa kitambaa, mtoto analala naye.

Huko ndiko unakokwenda. Nakusihi, rudi.

Mungu wa kuulizwa maswali hakosi siku ya kujibu. Msomaji wako akishapewa jina la mama na sababu ya hasira, atamhurumia, atamzoea, kisha atamsahau. Na ukishamwamsha, mwanangu, humlazi tena. Utaandika kitabu cha pili kumkuza, cha tatu kumkuza zaidi, na kila ukimkuza anapungua.

Basi sura ile anayoinuka akajieleza, itoe. Ndiyo, najua ulikesha ukiiandika, itoe. Asiseme hata neno moja. Bidii yako ipeleke kwa wanaoishi chini yake: wanaapa kwa nani, wananyamaza saa ngapi, watoto wao wanakatazwa nini kukiwa usiku. Wape manabii watatu, kila mmoja na lake, wagombane hadi ukurasa wa mwisho, na usituambie nani kati yao alikuwa na haki.