Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nani Hulipia Safari ya Msimulizi?

Methali ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hutajwa mno siku hizi, tena aghalabu na watu wenye kuuza vyumba. Asili yake haikuwa biashara. Mgeni akifika kuku huchinjwa, wali hupikwa kwa nazi, na watoto wa nyumba ile waliozoea kulala na uji hushiba nao usiku huo. Ndiko kupona kwa mwenyeji. Lakini methali haikutwambia kuku yule katoka wapi. Pengine ni wa nyumbani, pengine kakopwa kwa jirani, na pengine jirani mwenyewe hana habari kuwa kakopesha. Swali ninalotaka kulitafakari limo katika kuku huyo, nalo lamhusu mtu wa namna moja tu: yule ambaye kusafiri na kusimulia ndiyo kazi yake na ndiyo riziki yake.

Kazi hiyo imepanuka sana katika zama zetu. Wapo vijana wengi, wa kwetu na wa mbali, watakao kuishi kwayo, na mashauri wanayotafuta ni ya namna ya kupata wasikilizaji na namna ya kuwageuza wasikilizaji hao kuwa fedha. Wazee wao huwauliza jambo jingine: je, mtu anayelazwa bure na kulishwa bure aweza kusema kweli? Ni swali la haki, wala silidharau. Ila naona si zito kuliko yote, na aliyenifanya nione hivyo ni msafiri mmoja aliyepita katika pwani yetu hii mwaka 1331.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, asirejee Morocco ila mwaka 1349. Miaka ishirini na minne njiani si jambo la mtu kulipia mfukoni mwake. Mtaji wake ulikuwa elimu ya sheria, lugha ya Kiarabu, na ulimi mtamu. Kwa hayo matatu kila mji ulimpokea. Mogadishu walimletea wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Akala hivyo mara tatu kwa siku, siku tatu mfululizo. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa mavazi: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, nguo za kuvaa juu, na kilemba cha Misri. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu alipewa joho.

Wala asidhani msomaji kuwa alikuwa mwombaji tu. Alikuwa mfanyabiashara wa sifa, na biashara ile ilikuwa na kanuni zake. Alipokwenda India, kwa Sultani Muhammad bin Tughluq, alikuta desturi kwamba mgeni hampati mfalme ila kwa zawadi, naye mfalme hurudisha zawadi kubwa kuliko ile aliyopewa. Basi walikuwapo wafanyabiashara ambao kazi yao ni kuwakopesha wageni mali ya kupeleka ikulu, ili walipwe mgeni atakapotuzwa. Ibn Battuta alikopa kwa namna hiyo hata deni lake likafika dinari 55,000. Alipobanwa na wadai alifanya nini? Alitunga kasida ya Kiarabu ya kumsifu Sultani, na ndani yake akalitaja deni. Sisi watunzi tukisikia hivyo hucheka, kisha huacha kucheka. Muyaka bin Haji wa Mvita alisimama na Mazrui kwa mashairi yake, na hakuna ajuaye fasihi hii asiyefahamu kuwa beti nyingi zilizotufikia zilitungwa karibu na mlango wa mtu mwenye uwezo.

Kilwa ndipo penye jambo langu. Mtawala wakati ule alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la Abu'l-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta amsimulia hivi. Siku ya Ijumaa, Sultani akitoka msikitini kwenda nyumbani, fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akasema atampa. Fakiri akasema: sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita yule mtu azichukue. Watu wakastaajabu. Mtoto wa Sultani akazikomboa nguo za baba yake kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na mara nyingi nimesikia kikisomwa kwa fahari, kama shahada ya ustaarabu wa pwani. Na ni kisa kizuri. Kina mfalme mnyenyekevu, kina maskini asiyeogopa, kina mji unaotazama. Kina pia watu ishirini ambao hawana jina, hawana sura, hawasemi neno. Wanapita katika sentensi mbili kama sarafu zinavyopita katika viganja. Hatuambiwi kama walikuwamo wanawake, kama walikuwa wakubwa au watoto, wala walilala wapi usiku ule fakiri alipokuwa akihesabu bahati yake. Ibn Battuta mwenyewe, mistari michache kabla, amekwisha kutwambia kwamba Sultani huyu alikuwa akiivamia nchi ya Zenji mara kwa mara na kupata ngawira, na akiitoa khumusi yake kwa mujibu wa sheria, akaweka hazina mbali kwa ajili ya masharifu waliomjia kutoka Hijazi na Iraki. Hakuficha kitu. Kila kiungo cha mnyororo kimo katika kitabu chake: uvamizi, hazina, mgeni, sifa. Alichokosa ni kuviunganisha viungo hivyo.

Naomba tulisimamie hapo, kwani ndipo swali la wazee linaposhindwa. Wao huuliza kama msimulizi aliyelipwa atadanganya. Ibn Battuta hakulazimika kudanganya. Orodha ya alichopewa huitoa mwenyewe, kwa idadi, mji kwa mji, bila haya. Kwa kipimo cha leo ni mtu mwaminifu mno.

Maana leo kipimo ni hicho. Msimulizi wa safari huishi kwa njia chache zinazojulikana: hulipwa na wenye matangazo, hupata kamisheni kwa kila msikilizaji wake atakayenunua tikiti au chumba, na hoteli humlaza bure kwa matumaini ya maneno mazuri. Hofu ya njia hizo si mpya. Karl Baedeker, Mjerumani aliyeanza kutoa vitabu vya kuongoza wasafiri katika karne ya 19, aliacha nyuma yake nyumba ya uchapaji iliyojivunia kupiga marufuku matangazo ya kila namna na kuwaonya wenye hoteli kuwa sifa haziuzwi. Wengine hawakuwa na nguvu hiyo. Mwaka 2008 Mmarekani Thomas Kohnstamm, aliyewahi kuwaandikia Lonely Planet, alitoa kitabu ambamo alieleza kuwa ujira wa kuandika juu ya Brazil haukutosha gharama za kuizunguka, naye akaishi kwa fadhila za wale aliokwenda kuwapima. Mwaka uliofuata, 2009, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilirekebisha mwongozo wake wa matangazo, ikataka mwenye kusifu kitu aseme wazi ikiwa amelipwa au amepewa bure. Ni kanuni njema, na lau ingefuatwa kila mahali tungepunguziwa uongo mwingi.

Lakini itazame inamlinda nani. Inamlinda msikilizaji, mnunuzi wa chumba, asije akatoa fedha yake kwa kitanda kibovu. Fakiri wa Yemeni angeweza kuitii kanuni hiyo neno kwa neno: "Nimepewa na Sultani watumwa ishirini na mizigo miwili ya pembe, na sasa namsifu." Kila msikilizaji angejua thamani ya sifa ile. Wale ishirini wangebaki vilevile.

Nisije nikaambiwa nalinganisha hoteli na utumwa, la hasha. Nalinganisha sentensi na sentensi, namna ambavyo maneno hupangwa na mtu anayekula mezani pa mwingine. Chukua maneno mawili yanayopendwa na wasimulizi wa visiwa vyetu: ufukwe mtupu. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakipwa hushuka na kamba na vijiti, huinama ndani ya maji ya magoti saa kwa saa, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, kisha hurudi na magunia yenye kutona maji kichwani. Ufukwe ule ule, saa ile ile ya kupwa, mgeni huuita mtupu. Hasemi uongo kwa kukusudia. Aliyemlaza bure amemwonyesha bahari, na bahari hupendeza zaidi bila vijiti. Katika picha huenda mwanamke mmoja akaonekana kwa mbali, kanga yake ikiipa maji rangi. Msimulizi atakuwa ametaja kwamba chumba alipewa. Hatataja kuwa ule utupu nao alipewa, na kwamba kuna waliopaswa kuondolewa katika maelezo, na mahali pengine kuondolewa katika ufukwe wenyewe, ndipo ukapatikana.

Mtu atajibu: basi nani ataandika? Maskini hasafiri ila kwa fadhila, na tukimtaka kila msimulizi ajilipie, tutabaki na hadithi za matajiri peke yao. Jibu hili lina uzito na sina la kuliondoa. Historia yetu yenyewe inaliunga mkono. Bila meza za masultani tusingekuwa na Mogadishu ya 1331, wala achari yake. Hata kitabu kile kilikuwapo kwa amri ya ikulu: Abu Inan, Sultani wa Morocco, ndiye aliyetaka Ibn Battuta asimulie na Ibn Juzayy aandike, kazi iliyomalizika Fez mwaka 1355. Basi sisemi mgeni akatae kuku. Nasema ana deni kwa watu wawili, na sisi tumemfundisha kumlipa mmoja.

Tena fadhila humwelekeza mtu macho hata pasipo kumfunga ulimi. Kitabu chasema nyumba za Kilwa zilijengwa kwa miti. Magofu ya mawe ya Husuni Kubwa, jumba ambalo wataalamu hulinasibisha na al-Hasan bin Sulaiman huyo huyo, yangali pale kisiwani juu ya jabali lake, na msikiti mkuu wa mawe nao upo. Pengine kosa ni la wanakili; wapo waliobishana juu ya jambo hilo na siwaingilii. Ila hunijia fikira kwamba mtu huyu, miaka zaidi ya ishirini baadaye, alikumbuka idadi ya watumwa na ya mizigo ya pembe, na ukuta ukampotea.

Kwa haki yake nitaje pia Mvita. Alilala huko usiku mmoja tu, akiwa njiani kwenda Kilwa, wala hataji joho wala pembe. Anasema chakula chao ni ndizi na samaki, misikiti yao ni ya mbao, imejengwa barabara, na kwamba mtu huosha miguu kwa maji ya kisimani kabla ya kuingia. Anawasifu kuwa ni watu wa dini, wenye staha na wema. Si maneno mengi, na mfalme hamo. Kwangu mimi ndiyo habari yake ya pwani iliyo tulivu kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo ndani yake watu wa kawaida wanafanya jambo: wanachota maji, wanakula, wanaingia kuswali.

Ya Kilwa aliimaliza kwa habari ya Daudi, ndugu wa al-Hasan, aliyetawala baada yake. Huyu, asema, alikuwa kinyume cha mwenziwe. Akija mwombaji humwambia kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha akawapa kidogo, hata wakaacha kuja mlangoni pake. Kwa watu wa kazi ya Ibn Battuta hiyo ni hukumu, na jina la Daudi limeibeba kwa karne karibu saba. Hakuna aliyekwenda kuwauliza watu wa nchi ya Zenji, waliokuwa wakivamiwa ili hazina ya wageni ijae, kama wao nao waliiona miaka ya Daudi kuwa mibaya.