Mawe Ndani ya Gunia

Kila Jumamosi asubuhi ninafundisha darasa la kipaimara katika chumba kilicho nyuma ya kanisa letu hapa Dar es Salaam, chumba ambacho siku nyingine huhifadhi viti vya plastiki na spika za kwaya. Wanafunzi ni ishirini na wawili, wengi wao wa kidato cha kwanza na cha pili. Siku moja tulifika amri ya saba, Usiibe. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa mimi: kwamba Martin Luther, alipoandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango. Alimweka hapo hapo na yule anayejipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu au kwa biashara ya ujanja. Nikatoa mfano wa muuza mkaa anayejaza majani katikati ya gunia. Wakacheka, maana wote wanamjua.

Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu akiuza kazi ambayo hajaifanya?"

Sijui alikuwa anamfikiria nani. Huenda ni fundi aliyekula fedha za mama yake akatokomea. Mimi nilijifikiria mwenyewe. Nikasema ni swali zuri, tutalirudia, nikatazama saa.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa katika kijiji kimoja mkoani Pwani nikikusanya takwimu. Ninasoma shahada ya uzamili, na kama wengi wetu, ada naitafuta kwa vibarua vya utafiti: mhadhiri anapata mradi, sisi tunabeba madodoso. Mradi huu ulihusu maji ya matumizi ya nyumbani, na malipo yalikuwa shilingi 6,000 kwa kila dodoso lililojazwa. Siku ya mwisho mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bodaboda aligoma kuingia kwenye matope, nami nilikuwa nimebakiza kaya kumi na moja upande wa pili wa korongo. Nikakaa kwenye kibaraza cha duka, nikanunua soda, nikayajaza yote kumi na moja mwenyewe. Nilibadilisha kalamu mara mbili ili yasifanane. Kwenye swali la chanzo cha maji niliweka tiki kwenye bomba la kijiji, kwa kuwa kaya nyingi nilizozihoji kweli zilijibu hivyo. Jumla, shilingi 66,000. Asubuhi ileile nilikuwa nimetuma mstari wa Zaburi kwenye kundi letu la WhatsApp la vijana wa usharika, na wenzangu walikuwa bado wanajibu amina.

Kilichonitisha baadaye si kwamba niliiba. Ni kwamba usiku ule nilisali kama kawaida na nikalala vizuri. Imani yangu na mkono wangu wa kulia walikuwa kama wapangaji wawili wa nyumba moja ambao hawajawahi kusalimiana.

Kiswahili kimetupa neno moja, mwanafunzi, kwa ajili ya Petro na kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili. Naipenda bahati hiyo, lakini nadhani imetuponza kidogo. Tukisikia mwanafunzi tunawaza daftari, mtihani na cheti. Kipaimara chetu ndivyo kilivyo: miaka miwili ya kukariri, maswali mbele ya mchungaji, nguo nyeupe, keki, picha na wazazi wa ubatizo. Kisha wengi wanapotea mpaka siku ya kutangaza ndoa. Sisemi hawaamini. Wamehitimu, na aliyehitimu harudi darasani.

Neno la Kiyunani lililotafsiriwa mwanafunzi, mathetes, lilimgusa pia mtu tunayemwita mwanagenzi: kijana anayekaa na fundi, anafagia vumbi la mbao miezi kadhaa kabla hajaruhusiwa kushika randa, na anajifunza hata namna fundi anavyomjibu mteja mwenye hasira. Mwanagenzi wa useremala ukimuuliza amejifunza nini hatakupa maelezo. Atakuonyesha kiti, nawe utakikalia ujue.

Tukizungumzia ukristo mwepesi wa siku hizi, kawaida tunawanyooshea kidole manabii wa mafuta na maji ya upako. Ni rahisi, na mara nyingine ni haki. Lakini mimi sikulelewa huko. Nimelelewa kwenye liturujia, kanzu na kengele, na bado nilijaza madodoso kumi na moja nikiwa nakunywa soda. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa Flossenbürg mwezi Aprili 1945, alichapisha mwaka 1937 kitabu ambacho jina lake la Kijerumani maana yake ni kufuata. Kinachonigusa ni kwamba alikuwa Mlutheri akiwasema Walutheri wenzake: watu waliolishika vizuri fundisho la neema, kisha wakalitumia kama ruhusa ya kubaki walivyo.

Bibi yangu hakumsikia Bonhoeffer. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba Kagera, na aliokoka akiwa mke kijana katika ule Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia kwenye kituo cha misheni cha Waanglikana cha Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na huku kwetu Tanganyika. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo. Watu wake waliitana ndugu, waliimba Tukutendereza kwa Kiganda hata wasiokijua Kiganda, na hawakuridhika na toba ya midomo. Ulitakiwa kwenda kwa uliyemkosea na kurudisha. Bibi aliita jambo hilo kutengeneza.

Yeye alikuwa na deni la mawe. Kabla ya kuokoka, msimu mmoja mbaya, alichanganya vijiwe kwenye gunia la kahawa ili mizani ipande. Baada ya kuokoka alibeba debe zima la kahawa safi kichwani mpaka kwenye ghala alikouzia, akamwambia karani: nimeleta uzito wa yale mawe. Karani alifungua daftari lake, akalipekua, akasema, "Mama, humu hakuna mahali pa kuandika kitu kama hiki." Bibi akaliacha debe pale mlangoni akarudi nyumbani. Baba yangu anasema karani aliiuza ile kahawa kwa faida yake. Bibi alipoambiwa hivyo alijibu kwamba hayo ni ya karani na Mungu wake, yeye lake alikwisha kulitua.

Nilisimuliwa kisa hiki mara nyingi utotoni, na sikuzote nilikichukua kama kichekesho cha wazee.

Sitaki kuupamba uamsho. Ulikuwa na ukali wake. Watu waliungama hadharani dhambi zilizowahusu na wenzao wasioulizwa, ndoa zikatikisika, na wapo waliojiona wao tu ndio waliookoka. Na lipo zito zaidi ya hayo. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi ambayo wengi sana wa watu wake walikuwa Wakristo, zaidi ya watu 800,000 waliuawa katika siku kama mia moja. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, kama Nyamata na Ntarama. Wapo Wakristo waliowaficha majirani kwa kuhatarisha maisha yao, na wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Lakini waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, na sioni namna ya kusema habari za uanafunzi katika sehemu hii ya dunia nikalipita jambo hilo kwa mbali.

Kwa hiyo nimejiuliza kama debe la kahawa ni dogo mno. Mtu anaweza kurudisha kila senti na bado akafundishwa na redio nani ni jirani yake na nani si jirani. Sina jibu kamili. Ninachokijua ni kwamba kutii nako kunafanyiwa mazoezi, na mazoezi hayafanyiki siku ya hatari. Kama siwezi kurudisha karatasi kumi na moja kwa sababu naogopa kupoteza kibarua, sijui ni kwa misingi gani natumaini kwamba siku ya kuogopa panga nitakuwa mtu mwingine.

Nilikwenda ofisini kwa msimamizi wangu siku ya Jumanne. "Shikamoo Dokta." Aliitikia bila kuinua kichwa, alikuwa anasahihisha. Nilipomaliza kusema aliweka kalamu chini, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba namba za kaya zile, akazizungushia duara moja baada ya nyingine. Alisema takwimu bado zilikuwa zinaingizwa kwenye kompyuta, hivyo hayo kumi na moja atayatoa. Nirudi kijijini kwa nauli yangu nikayafanye upya. Na awamu ya pili ya mradi atamtafuta mtu mwingine. Awamu ya pili ndiyo niliyoitegemea kwa ada ya muhula ujao. Hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza.

Nilirudi kijijini Ijumaa, jua likiwa kali, korongo kavu. Kaya ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa anaanua nguo, watu wa nyumbani wakijiandaa kwenda msikitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti kwenye mkeka hapo."

Nikamsomea maelezo ya utafiti, akakubali kuhojiwa. Tulipofika kwenye chanzo cha maji nikataja majibu yaliyoandikwa, nikianza na bomba la kijiji. Akacheka.

"Bomba liko ng'ambo ile, mwanangu. Sisi huku halijawahi kutufikia. Tunachota kisimani." Akaninyooshea kidole njia inayoshuka kati ya mikorosho.

Nikamuuliza kwenda na kurudi ni muda gani. Alisema inategemea foleni. Asubuhi saa nzima, mara nyingine zaidi. Nikaandika. Kaya kumi zilizofuata, tisa zilisema kisima. Moja hawakuwepo, nikangoja mpaka jioni wakarudi, nao wakasema kisima.

Wanafunzi wangu sijawaambia bado. Jumamosi hii tunaingia amri ya nane, ya kumshuhudia jirani uongo, na yule binti hukaa bado mstari wa nyuma.