Uzoefu Usioandikwa

Kila majira ya joto, kambi za watoto nchini Marekani hupokea vijana wa kigeni waliotimiza miaka 18 kwa viza ya J-1, isiyozidi miezi minne, waongoze michezo na kuwabembeleza watoto waliokumbuka nyumbani. Fomu ya maombi inauliza: una uzoefu gani na watoto? Kijana wa Ulyankulu, makazi yaliyoanzishwa 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, anaweza kujibu hana. Hana vipi? Amebeba wadogo zake mgongoni, ameongoza kwaya ya watoto, ameamua ugomvi wa foleni ya maji. Hayo ayaandike juu kabisa, vyeti vifuate.