Giza Lililopewa Jina: Taashira ya Nuru na Maadili ya Usomaji katika Mwanzo 1

Makala haya yananuia kuchunguza swali la kimaadili linalozuka kila mara matini takatifu inaposomwa kwa jicho la kiroho: msomaji ana haki gani ya kukigeuza kitu kilichotajwa kuwa taashira ya jambo jingine, na haki hiyo inakoma wapi? Masimulizi ya uumbaji katika sura ya kwanza ya Mwanzo yanafaa kwa uchunguzi huu, kwani ni sura chache za Biblia zilizobebeshwa taashira za Kikristo kwa kiasi hicho. Mfano utakaozingatiwa ni wa nuru na giza.

Ifahamike kwanza kwamba usomaji wa kiroho wa sura hii umo ndani ya Agano Jipya lenyewe. Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho (4:6), anaihusisha amri iliyoleta nuru na mwanga unaong'aa mioyoni mwa waumini. Injili ya Yohana nayo inaanza pale inapoanzia Mwanzo, kisha inamtangaza Kristo kuwa nuru isiyoshindwa na giza. Mpangilio wa masimulizi unauruhusu usomaji huo: nuru inatokea siku ya kwanza, ilhali jua, mwezi na nyota havitokei hadi siku ya nne. Origen wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya 3, aliuona mpangilio huo kuwa ushahidi kwamba msomaji anaalikwa kutafuta maana iliyo ndani zaidi ya maana ya juu juu.

Lugha yenyewe huonyesha jinsi taashira inavyoweza kufanya kazi kwa haki. Neno la Kiebrania ruach, linalotokea katika aya ya pili, hubeba maana za upepo, pumzi na roho. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 iliandika "Roho" kwa herufi kubwa, na hivyo ikamwelekeza msomaji kwa Roho Mtakatifu kabla hajauhisi upepo juu ya maji. Maandishi ya Kiebrania hayana herufi kubwa. Hata hivyo, Kiswahili hakikuipoteza pumzi kabisa. Neno roho, lililotokana na Kiarabu, lina nasaba moja na ruach, na Mswahili asemapo kwamba mtu amekata roho, huitaja pumzi iliyokoma na uhai ulioondoka kwa tamko moja. Maana ya kiroho hapa inakaa juu ya kitu kinachohisika bila kukifuta.

Je, giza limetendewa haki kama hiyo? Katika mahubiri mengi, giza la Mwanzo ni dhambi, ujinga au Ibilisi. Matini yenyewe ina uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba Mungu anaiona nuru kuwa njema na halitamkii giza sifa hiyo. Lakini halilaani wala haliangamizi. Analitenga na kuliita Usiku, na katika sura hii kitu kinachopewa jina huwa kimepewa nafasi katika utaratibu wa ulimwengu. Kila siku inatajwa kwa jioni kabla ya asubuhi. Siku ya nne usiku unapewa mwanga mdogo wa kuutawala, na siku ya sita kila kilichofanywa kinahesabiwa kuwa chema sana. Kwingineko, Zaburi ya 104 inauhesabu usiku kuwa wakati wa wanyama wa mwituni kutafuta chakula chao kwa Mungu, na Kutoka 20:21 inamwonyesha Musa akilikaribia giza nene alimokuwamo Mungu.

Augustino wa Hippo aliitambua tofauti hii. Katika kitabu cha 11 cha Mji wa Mungu, kazi aliyoimaliza mwaka 426, alikusoma kutengwa kwa nuru na giza kuwa kutengwa kwa malaika watiifu na malaika walioasi. Hata hivyo, alipofika kwenye mianga ya siku ya nne, alieleza kwamba nuru na giza la mbingu zinazoonekana vilimpendeza Mungu pamoja, kwa kuwa vyote viwili havina dhambi. Mfasiri huyu shupavu wa taashira alikubali kwamba usiku hauna hatia.

Tofauti hiyo ikisahauliwa, madhara yake hayabaki vitabuni. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapisha kitabu cha safari ambacho jina lake liliita Afrika bara la giza. Giza la kutojulikana na Wazungu liliungana kwa wepesi na giza la dhambi, na rangi ya ngozi za watu ikaingizwa humo. Taashira ambayo Paulo aliiweka mioyoni, akijihesabu yeye mwenyewe miongoni mwa waliohitaji kuangaziwa, ikawa sifa ya watu wengine wanaotazamwa kutoka mbali.

Huenda ikasemwa kwamba matumizi mabaya hayaibatilishi taashira, na kwamba Ukristo ukinyimwa nuru na giza utakuwa umenyimwa utangulizi wa Yohana. Hoja hii ina uzito, na makala haya hayaipingi. Yanachodai ni kipimo. Taashira ya kiroho ni halali inapokiacha kitu chenyewe kikiwa hai, na inapomhukumu msomaji kabla ya kumhukumu jirani yake. Kwa kipimo hicho, usomaji wa Paulo unasimama, ilhali ule wa enzi ya Stanley unaanguka. Anayelihubiri giza kama uovu mtupu ameisoma aya ya nne akaiacha ya tano, ambamo giza linapata jina kutoka kwa Yeye yule aliyeipa nuru jina lake.