JUMATANO: Mtama wa Danieli na Kipato Kidogo

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba chakula gani, nacho kilitofautianaje na kile cha mfalme?

Meza ya mfalme wa Babeli ilikuwa na vyakula vya anasa na divai. Danieli aliomba mtama na maji. Neno la Kiebrania lililotumika hapo linahusiana na neno “mbegu,” nalo lina maana pana kuliko mtama peke yake: ni vyakula vitokanavyo na mimea. Baada ya siku 10, vijana wale wanne walionekana wenye afya kuliko waliokula chakula cha mfalme.

Baadhi ya waumini husikia ujumbe wa afya wakakata tamaa. Huudhani ni ujumbe wa wenye uwezo, wanaonunua maziwa ya soya ya kopo na virutubisho vya dukani. Lakini mama mwenye shilingi 5,000 za kulisha watoto wanne hayuko mbali na meza ya Danieli. Unga wa dona hubakiza pumba na kiini cha hindi, penye nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe hupoteza kwa sehemu kubwa. Ugali na maharage hukamilishana: protini inayopungua katika mahindi huzibwa na ile ya maharage. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na kuokoa mkaa. Matembele, mchicha na majani ya maboga huota hata kwenye gunia lenye udongo nyuma ya nyumba, nayo yakitiwa mafuta kidogo, mwili hupokea vitamini A yake vizuri zaidi. Fedha ya soda moja yaweza kuwa fedha ya mboga ya jioni.

Hata hivyo, ujuzi peke yake hautoshi. Anayenunua maharage kwa kibaba kila siku mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia zima. Maskini hulipishwa kwa sababu ya umaskini wake.

Soma Yakobo 2:15, 16 na Matendo 2:44–46. Mafungu haya yanadai nini kwa kanisa linalofundisha afya?

Yakobo anaonyesha kwamba maneno mema bila msaada hayamfai mwenye njaa. Darasa linaloeleza faida za maharage, huku mmoja wao hajainjika sufuria tangu jana, limeishia kwenye maneno. Waumini wa kwanza walishirikiana mali na chakula. Darasa laweza kuchanga wakati wa mavuno, likanunua gunia moja na kugawana, na fungu la asiye na kitu likatengwa kwanza, bila kumwaibisha.

Jadilini darasani: Ni nani kati yetu anayehitaji chakula kabla ya somo la chakula? Tutafanya nini kabla ya Sabato ijayo?