Mali ya Mtu na Hewa ya Wote

Haki ya mtu juu ya mali yake hukubaliwa na watu wengi bila hoja. Mwenye nyumba hupaka ukuta wake rangi aitakayo. Mwenye shamba hupanda mbegu aipendayo. Na mwenye motokaa huona kuwa ana haki iyo hiyo juu ya chuma alichokinunua kwa jasho lake. Swali ni hili: haki hiyo hufika wapi, na hukoma wapi? Jibu laweza kutafutwa katika kazi ndogo ambayo wapenda motokaa huifanya nyumbani siku za mapumziko, na ambayo huko Marekani, hasa katika jimbo la California, imezusha mabishano makubwa kuliko ukubwa wake. Ni kazi ya kuondoa kasha la hewa lililowekwa na kiwanda, na kutia mahali pake bomba jingine la kuvuta hewa baridi.

Kazi yenyewe si ngumu. Boneti hufunguliwa, waya wa betri wa upande wa hasi hutolewa, plagi ya kipimo cha hewa huchomolewa, vibano vya mipira hulegezwa kwa bisibisi, na kasha la plastiki lenye chujio la karatasi hung'olewa zima. Bomba jipya, ambalo aghalabu huwa na chujio la pamba lililopakwa mafuta, hutiwa mahali palipobaki wazi. Kipimo cha hewa huhamishiwa humo, vibano hukazwa, na injini huwashwa. Mtu mwenye spana chache na subira ya saa mbili huweza kuimaliza.

Hoja ya kazi hii ina msingi wa kweli. Petroli haiwaki peke yake. Kila kilo 1 huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ipate kuungua sawasawa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto: mita 1 ya ujazo ina uzito wa kilo 1.2 hivi joto likiwa nyuzi 20, na hupungua mpaka kilo 1.09 hivi joto likifika nyuzi 50. Basi injini inayovuta hewa baridi hupata hewa nyingi zaidi katika mvuto ule ule, nayo huweza kuunguza petroli nyingi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Hakuna udanganyifu katika hesabu hii. Walakini, wenye viwanda waliijua kabla ya mnunuzi, na motokaa nyingi za siku hizi huvuta hewa ya nje tangu zilipoundwa. Kwa hiyo faida inayobaki kwa kawaida ni ndogo. Na bomba lisilokuwa na kinga huweza hata kuvuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti, faida ikawa hasara. Kinachoongezeka bila shaka ni mlio, maana kasha lililotupwa lilikuwa na kazi ya kuupunguza. Dereva husikia ngurumo akadhani ameongezewa nguvu. Wahenga walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kutika.

Kama mambo yangekomea hapo, pasingekuwa na shauri kubwa. Mtu ajidanganyaye kwa fedha yake mwenyewe hana deni kubwa kwa wengine. Na pengine furaha ya kufanya kazi kwa mikono yake, na elimu aipatayo kwa kukifungua kitu kilichokuwa siri kwake, ni malipo ya kutosha. Asiyepata kufungua mashine yake hata siku moja hutawaliwa nayo. Lakini mahali alipochagua kuifungua si mahali pa kawaida. Bomba la hewa ni mdomo wa motokaa. Chuma kilinunuliwa, mpira ulinunuliwa, hata petroli ilinunuliwa, hewa haikununuliwa. Injini ikiunguza lita 1 ya petroli humeza lita 9,000 hivi za hewa, kiasi cha kujaza chumba kidogo, kisha huirudisha duniani ikiwa imegeuka. Kila kitu katika motokaa ni cha mwenyewe, ila kile kinachoingia mdomoni mwake na kutoka mkiani mwake.

Mji wa Los Angeles ulijifunza jambo hili kwa machozi. Mwezi wa Julai 1943 ukungu wa moshi uliufunika mji, macho yakawasha na makoo yakakereketa. Wakazi wakakilaumu kiwanda kimoja cha malighafi ya mpira. Kiwanda kikafungwa kwa muda, lakini ukungu haukuondoka. Karibu na mwaka 1950 mkemia Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech huko Pasadena, alionyesha ya kwamba mvuke wa petroli isiyoungua na gesi za naitrojeni, zikipigwa na jua, huzaa ozoni na sumu nyingine. Vitu hivyo vilitoka kwa wingi katika motokaa. Mwizi aliyetafutwa mbali alikuwa amelala katika ua wa kila nyumba.

Mwaka 1961 jimbo la California liliamuru njia ya kwanza ya kumzuia. Gesi chafu zinazopenya kando ya pistoni na kushuka tumboni mwa injini zisimwagwe nje tena, bali zirudishwe katika njia ya hewa ziunguzwe. Njia hiyo imo katika injini mpaka leo, na aghalabu mpira wake mmoja huunganishwa na bomba lile lile linalobadilishwa na fundi wa nyumbani.

Hapo ndipo maadili huingia chini ya boneti. Kazi inakaribia kwisha. Bomba jipya linang'aa. Lakini umebaki mpira mmoja mwembamba usiofika mahali pake. Fundi ana njia mbili. Aweza kuuacha ukining'inia, na motokaa itakwenda. Au aweza kusimamisha kazi, kutafuta kiungo kinachofaa, na kuipoteza siku yake. Hapana mkaguzi karibu, wala hapana jirani anayetazama.

Atakayeuacha ana hoja, nayo si ya kupuuzwa: moshi wa mpira mmoja hauwezi kumdhuru mtu yeyote anayejulikana. Hoja hii ni kweli, na ukweli wake ndio hatari yake. Hapana motokaa moja iliyoufunika mji wa Los Angeles. Fungu la kila mtu lilikuwa dogo mno kuonekana, na jumla yake ilificha milima. Dhambi za namna hii hazina mwenyewe, kwa sababu kila aulizwaye huonyesha udogo wa sehemu yake, na husema kweli. Basi kipimo cha haki hakiwezi kuwa ukubwa wa dhara la mmoja. Yafaa kiwe swali jingine: je, mtu huyu angeridhika kama kila mwenye motokaa katika mtaa wake angeuacha mpira wake hivyo hivyo?

Wako wasemao kuwa dawa ni kukataza kila mkono usio wa kiwanda. Dawa hiyo humfanya mtu kuwa mgeni katika mali yake. Sheria ya California imekuwa na busara zaidi: bomba la namna hii huruhusiwa barabarani likipimwa na kuonekana kwamba halizidishi uchafu, na namba ya kibali chake huonekana katika kibandiko chini ya boneti. Sheria hii haimnyang'anyi mtu spana yake. Yataka tu ushahidi kwamba starehe yake hailipiwi na mapafu ya wengine. Lakini hata hiyo ina mwisho wake. Namba hulishuhudia bomba, haimshuhudii aliyelifunga.

Kwa hiyo haki ya mwenye mali ni ya kweli, nayo ina mpaka wa kweli: hukoma pale mali yake inapoanza kula na kutema kilicho cha watu wote. Mpaka huo hauna ukuta wala bawabu. Anayetaka kuufahamu hana budi kuuliza, kabla hajang'oa kitu, kilikuwa kikimfanyia nani kazi. Maana vingine viliwekwa kwa faida ya mwenye motokaa, na vingine kwa faida ya watu wasioijua hata rangi ya motokaa yake. Akiwa anajua hivyo, na akautafutia mpira ule kiungo chake, ameitumia haki yake yote bila kumdhulumu mtu.